Kizibo Chenye Jogoo

Zilpah Njoroge hakuwa mnywaji. Mvinyo pekee aliowahi kuutia kinywani ulikuwa wa Meza ya Bwana, na katika kanisa lake la Nakuru hata huo ulikuwa sharubati ya zabibu tu. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumatatu, alipowekewa bilauri mbili za mvinyo mwekundu katika mkahawa wa Zavarella, Morningside, alizitazama kama mtu aliyeonyeshwa mapacha akaambiwa mmoja wao ni mwongo.

"Onja," alisema Ginevra Zavarella.

"Nieleze tu. Nitakuamini."

Ginevra alieleza. Alikuwa ametua Durban siku ya Ijumaa bila kumwarifu mtu, akitokea shamba la ukoo wao kwenye vilima vya juu ya Verona, Italia. Mvinyo wao, aina iitwayo Amarone, hautaki haraka. Zabibu zikishavunwa hazikamuliwi. Hulazwa darini juu ya chanja za mianzi, zikapigwa na upepo wa baridi hadi zisinyae, na nyanya yake, pamoja na magoti yake mabovu, bado hupanda ngazi kuzigeuza na kuzitupa zilizooza. Ndipo hukamuliwa. Ladha yake huanza na utamu wa zabibu kavu na kuishia na uchungu mwembamba kwenye shina la ulimi. Bilauri ya kulia ilikuwa na hayo yote. Ya kushoto ilikuwa mvinyo wa kawaida kutoka Rasi, wa papo hapo Afrika Kusini, wala haukuwa mbaya, lakini ulimiminwa kutoka kwenye chupa iliyoandikwa jina la babu yake.

Chupa hiyo ilifunguliwa Jumamosi mchana, mezani, mbele ya Ginevra mwenyewe. Aliyeifungua ni Honoré Bisimwa, Mkongo wa Bukavu, mhudumu wa mvinyo na mshika ufunguo wa stoo. Sahani hazijaondolewa, alikuwa ameshasimamishwa kazi. Walisema ameuza chupa halisi kwa siri, na mahali pake ameweka chupa tupu alizozijaza mvinyo wa bei rahisi. Saa nane mchana wa Jumatatu hiyo hiyo, Kapteni Mthethwa wa polisi angefika kumfungulia mashtaka. Mkimbizi akitiwa hatiani kwa wizi, kuhuishwa kwa karatasi yake ya hifadhi kunakuwa kitendawili, na juu ya karatasi ya Honoré walikuwa wamesimama mke na watoto. Mbaya zaidi, karatasi yenyewe ilikuwa imefungiwa katika ofisi ya mkahawa.

Mke huyo, Antoinette, ndiye msusi wa Zilpah. Alimpigia simu akilia, na Zilpah akamwambia afute machozi, ampikie mumewe, mengine amwachie yeye. Zilpah alikuwa amekula chumvi ya upelelezi wa polisi kwao Kenya kabla ya kumfuata mume aliyepata kazi ya kufundisha chuo kikuu. Durban haikumpa sare, naye akajipa ofisi: chumba kimoja katikati ya jiji, juu ya duka la simu, na kibao cha upelelezi binafsi mlangoni.

Dominiki Zavarella, mwenye mkahawa, hakumpokea kwa tabasamu. Babu yake aliletwa Afrika Kusini kama mateka wa vita, vita vikaisha, akakataa kurudi. Tangu hapo ukoo ulimtumia mvinyo kila mwaka, ndiyo namna yao ya kumwambia bado wewe ni wetu. Sasa binamu kutoka shambani amekaa mezani pake akanyweshwa uongo. Ginevra alishamwambia bila kupepesa macho kwamba akirudi nyumbani bila kumjua mwizi, hakuna kasha jingine litakalovuka bahari. Basi Dominiki alimtaka mwizi wa haraka, na mwizi wa haraka siku zote ni yule aliye karibu.

"Kizibo cha chupa hiyo kiko wapi?" Zilpah aliuliza.

Dominiki aliinua mabega. Ginevra akafungua mkoba wake.

"Yule bwana aliniwekea kando ya sahani kwa adabu sana, kama anayenikabidhi amana. Sikuwa na moyo wa kukiacha."

Kilikuwa kizibo kirefu, kimechomwa alama ya jogoo, nembo ya ukoo. Zilpah alikipeleka dirishani akakigeuza polepole. Katikati palikuwa na tundu la kizibuo, jipya, alilolitoboa Honoré mbele ya meza nzima. Lakini ubavuni, pande mbili zinazotazamana, kulikuwa na mikwaruzo miwili bapa, mirefu, iliyofukiwa kwa nta. Kizibuo cha kawaida hakipiti ubavuni. Alimwonyesha Ginevra, na Ginevra akasahau bilauri zake.

Alisema babu yake alikuwa na chombo kwa ajili ya chupa kuukuu ambazo vizibo vyake vimelegea. Hakina msumari wa kuzunguka. Kina ndimi mbili nyembamba za chuma. Unazichomeka kati ya kizibo na kioo, moja huku na moja kule, unasokota, na kizibo kinatoka kizima bila tundu. Ukitaka unaweza kukirudisha, na asiyejua hatajua.

"Kwa hiyo kizibo hiki kilishatoka mara ya kwanza kwa ndimi mbili," Zilpah alisema, "kikarudishwa juu ya mvinyo wa uongo, ndipo Honoré akakitoboa Jumamosi. Bwana Dominiki, chombo hicho unacho hapa?"

Dominiki aliapa hakuna. Wahudumu wake wote hutumia kizibuo cha kawaida. Kisha, kama aliyeona kesi inamponyoka, akavuta mtoto wa meza akatoa ushahidi wake mkuu: pakiti ya mishumaa myekundu iliyokutwa kwenye kabati la nguo la Honoré. Shambani, alisema, midomo ya chupa hufunikwa kwa nta ya nyuki wao wenyewe, na ukiikwangua inanukia asali. Nta ya chupa ile bandia ilinuka mshumaa.

Zilpah aliipokea pakiti, akaikagua mbele na nyuma, akairudisha mezani taratibu.

"Plastiki yake haijafunguliwa," alisema. "Mishumaa yote imo. Mtu huyu aliyeyusha nini?"

Dominiki alikodoa macho kama aliyeletewa mchuzi bila nyama. Zilpah aliuliza ni nani aliyeikuta mishumaa hiyo kabatini, akaambiwa ni Travis, meneja.

Travis alikuwa Mkenya, mtanashati, shati limepigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya kiwiko. Alimkaribisha Zilpah kwenye meza ya pembeni kwa uchangamfu wa watu wa nyumbani, akamuuliza habari za mzee na za kanisa, akaagiza chai. Alisikitika sana juu ya Honoré. Alikuwa amemvumilia na kumfichia mengi, alisema, ila kila jambo lina mwisho.

"Lakini madam, ukweli lazima usemwe. Mimi nilimwona na macho yangu. Jikoni, pale karibu na friji. Amefungua chupa ya wateja huko nyuma, ndio akaipeleka mezani ikiwa wazi. Kizibo akaweka kwa mfuko. Na si mara moja."

"Jikoni? Mteja hamwoni?"

"Mteja ataona aje? Ni huko nyuma kabisa."

"Na uko tayari kurudia hayo mbele ya Kapteni?"

"Hata kortini, madam."

Ulikuwa ushahidi mzito, na Zilpah hakujidanganya. Anayetaka kughushi chupa anahitaji vizibo vyenye jogoo, na hapa palikuwa na shahidi anayesema Honoré alivikusanya. Alishuka hadi katikati ya jiji, akaegesha gari mbele ya saluni ya Antoinette, kati ya muuza mahindi na teksi zilizokuwa zikigombea abiria.

Antoinette alikuwa na kichwa cha mteja mikononi na hakukiachia. Hata msiba una zamu yake. Honoré alikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, amevaa suti yake ya Jumapili, tayari kwa polisi. Zilpah alimweleza yote aliyoyasema Travis, neno kwa neno, huku akimtazama usoni. Alitarajia hasira. Honoré alicheka, cheko la kwanza tangu Jumamosi, hadi mkewe akageuka.

"Jikoni? Mimi? Madame Zilpah, mimi niko mutu wa Bukavu."

"Bado sijaelewa."

Antoinette ndiye aliyejibu, kitana kikiwa hewani. "Dada, kule kwetu watu wanaogopa sumu. Chupa ya mugeni haifunguliwe nyuma ya mulango, hata kama iko maji, hata kama iko Fanta. Unaileta ikiwa imefungwa, unafungua mbele ya macho yake, na ile kifuniko unamupatia yeye mwenyewe. Akienda ku choo anafunika nayo chupa yake. Ukifungulia mugeni chupa ku jikoni, ni kusema unataka kumuua."

"Hata hapa Durban?"

"Mukono haujue kama tumehama," Honoré alisema. "Kila mugeni, bouchon ninamuwekea karibu ya sahani. Ni yake. Wazungu wanacheka, lakini wanabeba. Mwalimu Fiona wa Westville anasema nyumba yake imejaa bouchons zangu."

Zilpah alisimama wima, na mteja aliyekuwa akisukwa akasimama naye nusu asijue kwa nini. Mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe. Vizibo vyote alivyovitoa Honoré vilikwenda nyumbani na wageni, tena vikiwa na matundu. Basi vizibo vizima vilivyobaki mkahawani vilitoka mkono mwingine. Akauliza ni siku gani Honoré hayuko kazini.

"Jumapili. Jumapili ninaimba ku kanisa. Jumapili ni Travis anafungulia watu, na ufunguo ya stoo inabaki kwake."

"Na kabati lako la nguo lina kufuli?"

"Kufuli ya nini? Iko aproni tu ndani."

Zilpah aliomba kanga ya saluni kwa ajili ya kufunga mzigo, akaondoka nayo bila kueleza. Antoinette alimkimbilia hadi mlangoni akamuuliza kama kuna tumaini. Zilpah, ambaye hakuwahi katika maisha yake ya kazi kumwahidi ndugu wa mshtakiwa chochote, alimwambia afunge saluni saa saba na nusu, avae gauni zuri, wakutane Morningside.

Fiona alikuwa mhadhiri wa mimea, mama wa Kikikuyu mwenye sauti ya darasani na jirani ya Zilpah pale Westville, ingawa walikuwa wakisalimiana tu kwa kupungiana mikono kutoka kwenye magari. Alimpeleka moja kwa moja hadi sebuleni. Kwenye bakuli kubwa la kioo, juu ya kabati la vitabu, vilirundikana vizibo, karibu vyote vya jogoo. Zilpah alivimwaga juu ya zulia, akapiga magoti, akavikagua kimoja kimoja kama mama anayechagua mchele. Kila kimoja kilikuwa na tundu katikati. Hakuna hata kimoja chenye mikwaruzo ya ubavuni.

"Huyo Mkongo hawezi kukuacha uende bila kizibo," Fiona alisema. "Tulizoea. Mume wangu sasa asipopewa anaona hajala."

"Umewahi kunyimwa?"

Fiona alifikiri, kisha akapiga paja. Ndiyo, alinyimwa, na alikuwa hajasahau. Walikwenda Jumapili moja baada ya ibada, wakahudumiwa na meneja mwenyewe. Alifungua chupa mezani kwa kidude cha ajabu, ndimi mbili za chuma, kizibo kikatoka kizima. Fiona, kwa mazoea, alinyoosha mkono. Meneja akakitia mfukoni na kumwambia kwa tabasamu kwamba ni sheria ya nyumba, kila kizibo hurudishwa kwa ukoo kule Italia.

Zilpah alimwomba avae viatu.

Saa nane walikuwa wote mkahawani, milango imefungwa, viti vya meza nyingine vimepinduliwa juu. Kapteni Mthethwa, mtu mpana asiyependa hotuba, alikaa na kalamu yake. Dominiki alikaa karibu na Ginevra. Honoré alisimama ukutani ingawa aliambiwa aketi, na mkewe, katika gauni la kijani la harusi za watu, alisimama naye. Travis alikaa akiwa amekunja nne. Fiona alikuwa ameketi nyuma ya nguzo, na Zilpah hakumtambulisha kwa mtu.

Alianza na pakiti ya mishumaa, akamkabidhi Kapteni aone plastiki, akaeleza kwamba kabati halina kufuli na aliyeikuta mishumaa humo ni Travis. Kisha akamwomba Travis arudie ushuhuda wake. Travis aliurudia vizuri, kwa Kiingereza kilichonyooka, hata akaongeza kwamba ilimuuma kuusema.

"Ahsante," Zilpah alisema. "Sasa tazameni jinsi Honoré anavyoficha vizibo."

Akafungua kanga ya saluni juu ya meza, na vizibo vya Fiona vikamwagika, majogoo kwa majogoo, vingine vikaviringika hadi miguuni pa Kapteni. Alieleza desturi ya Bukavu kwa maneno machache. Kapteni aliinama akaokota kimoja, akatia ncha ya kalamu kwenye tundu lake, akanguruma kwa namna ambayo Zilpah aliijua tangu Nakuru: askari ameanza kufurahi. Njia ya mwongo ni fupi, na Travis alikuwa karibu kuifikia kona.

"Travis, swali dogo. Jumapili wewe ndiye unayefungua chupa. Vizibo vyake unavipeleka wapi?"

"Kwa pipa la taka. Nitavipeleka wapi tena?"

"Huvirudishi Italia?"

Travis alitabasamu, lakini mguu uliokunjwa nne ulishuka chini. "Italia? Kwa nini nivirudishe Italia?"

"Swali zuri, hata mimi nilijiuliza," ilisema sauti ya darasani kutoka nyuma ya nguzo, na Fiona akajitokeza na mkoba wake begani. Alisimulia Jumapili ile mwanzo hadi mwisho, ndimi mbili, mfuko, sheria ya nyumba na yote. Alipomaliza, Zilpah alimgeukia Ginevra na kumuuliza kama ukoo wake umewahi, kwa sababu yoyote, kudai kizibo kirudishwe.

"Kizibo kilichotumika?" Ginevra alisema. "Nyanya yangu huviwashia jiko."

Dominiki alicheka kwanza, bila kutaka, kisha kicheko kikamkauka. Alimtazama meneja wake kwa muda mrefu, na uso wake ukawa mwekundu kuliko bilauri zote za asubuhi. Kapteni alinyanyuka akamwomba Travis, kwa upole mkubwa, ufunguo wa gari lake. Travis alisema gari si la kazi na haliwezi kuguswa bila kibali. Kapteni akamwambia kibali kinapatikana kabla chai haijapoa, na kwamba wangeingoja pamoja. Travis aliuweka ufunguo mezani katikati ya vizibo.

Kwenye buti walikuta kopo la biskuti lililojaa vizibo vizima vya jogoo, sufuria ndogo yenye ukoko wa nta nyekundu, na chombo chenye ndimi mbili kimefungwa ndani ya kitambaa cha mkahawa kama kitoto kichanga. Zilpah alikitwaa kizibo cha Ginevra, akaziweka ndimi kwenye ile mikwaruzo. Ziliingia kila moja mahali pake.

Travis hakubisha tena. Alisema chupa halisi zilikwenda kwa mnunuzi wa Johannesburg, na kwamba Durban nzima hapakuwa na ulimi wa kutofautisha. Hakudhani mtu wa shambani angekuja bila kupiga simu. Alipopita mbele ya Honoré mkono wa Kapteni ukiwa begani mwake, aliinamisha kichwa. Antoinette alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, akayameza kwa sababu ya gauni.

Dominiki aliingia ofisini akarudi na karatasi ya hifadhi, ameishika kwa mikono miwili. Alisimama mbele ya Honoré, mtu mrefu aliyepungua kimo mchana mmoja, akasema amemkosea, na amemkosea mbele za watu, kwa hiyo anaomba radhi mbele ya watu wale wale. Ginevra naye aliinuka. Alisema makasha yataendelea kuja, ila kuanzia sasa yatapokelewa kwa jina la Honoré Bisimwa na si mwingine, na kwamba nyanya yake angependa kumwona darini wakati wa mavuno, nauli ikiwa juu ya ukoo.

Honoré alisimama na machozi yakimtiririka wazi, bila kuyafuta, na Zilpah aliyedhani ameshazoea kushinda akajikuta naye anatafuta leso.

"Kesho asubuhi nitakuona kazini?" Dominiki aliuliza.

"Hapana, patron," Honoré alisema. "Kesho nitalala mpaka jua litoke ku dirisha. Kesho kutwa nitakuja."

Antoinette aliipokea karatasi, akaikunja, akaitia kifuani. Walitoka kwa mlango wa mbele, yeye na mumewe wameshikana mikono, Fiona na Zilpah nyuma yao, na walipofika kwenye ngazi vigelegele vikamtoka. Vilikuwa vya Bukavu, virefu, visivyojali mtaa. Mbwa wa Morningside walibweka, madirisha yakafunguka, mama mmoja wa Kizulu aliyekuwa akifagia ng'ambo akaacha ufagio na kuvipokea bila hata kujua sababu. Zilpah aliingia garini akapiga honi mfululizo, kama mtu asiye na akili zake.

Mlinzi wa magari, kijeba wa Uvira, Mkongo mwenzao, mwenye koti la kung'aa, alikuja mbio akimuuliza Antoinette kuna ndoa ya nani siku ya Jumatatu.

"Iko yangu," Antoinette alimwambia, na hakunyamaza hadi walipopinda kona.